Chesi Ya Mbao Niliyowasifia: Leo Naongea Ukweli Wote

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani, wala nani kanunua gari la mkopo. Leo ni stori yangu mwenyewe, na nawaambia mapema, sitoki humu nikiwa msafi.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka ile video yangu ya kufungua boksi la chesi ya mbao. Sekunde 40 tu. Muziki laini, taa ya njano, mkono wangu unatoa mfalme, unamgeuza kidogo, halafu sauti yangu inasema: "Kazi safi, duka la uhakika, msijiulize mara mbili." Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichoposti mwezi ule. Komenti zikajaa mioto. Kuna mtu maarufu hapa mjini, simtaji, naye akapita akaacha emoji ya macho. Nikajiona nimefika.

Sasa ukweli. Ile seti bei yake ilikuwa 250,000. Mimi nililipa 150,000, ile laki iliyobaki ndiyo malipo ya video. Na kila mteja akitaja jina langu napewa 15,000. Hilo sikuwaambia. Kingine ambacho sikuwaambia ni kwamba wakati natamka "kazi safi" nilikuwa nimetoa kete tatu tu kwenye boksi. (Kete za chesi jamani, tusije tukaletewa difenda bure.)

Nirudi nyuma kidogo ili muelewe kwa nini mtu kama mimi alitaka chesi ya mbao.

Chesi nilijifunzia kijiweni, kwenye kahawa. Pale watu wengi wanacheza drafti kwa visoda, lakini kulikuwa na mzee mmoja ana chesi ya plastiki, yeye anaiita sataranji. Seti yenyewe ilikuwa imechoka. Farasi mmoja mweusi alipotea zamani, badala yake kuna kifuniko cha dawa ya meno. Ngome moja ilikuwa ya seti nyingine, kubwa kama mnara wa simu. Ubao ni boksi la bia limechorwa kwa kalamu ya wino. Na nawaapia, sijawahi kusikia mtu analalamika. Kifuniko kikiruka umbo la L, wote tunajua ni farasi.

Halafu mwaka 2016 ikatoka ile filamu ya Queen of Katwe, ya Phiona Mutesi wa Uganda aliyejifunza chesi Katwe, mtaa wa kawaida kabisa wa Kampala. Mwaka 2020 ikaja The Queen's Gambit, dunia nzima ikaanza kutafuta chesi. Na mimi nikaanza kuota seti ya mbao. Kitu kizito mkononi, kinagonga ubao kwa sauti ya "tok". Nilitaka niipeleke kijiweni siku moja, niiweke mbele ya yule mzee, nimwambie, "Shikamoo, leo tucheze kwenye hii."

Kwa hiyo duka liliponifuata inboksi na ule mchongo, sikufikiria sana.

Usiku ule ule baada ya kuposti, laiki zinapanda, nikasema ngoja nipange kete zote niangalie vizuri. Nikawasha taa nyeupe. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha.

Farasi wa kwanza, sikio lilikuwa limevunjika likarudishwa kwa gundi, na gundi yenyewe imeganda pembeni kama kamasi. Farasi wa pili sura yake ilikuwa ya mbuzi, lakini sawa, mbuzi naye ana haki zake. Askari wawili, ukiwatikisa, unasikia kitu kinacheza ndani: lile pande la chuma wanaloweka kwenye kitako ili kete iwe nzito lilikuwa limeachia. Malkia mmoja, kile kitambaa laini cha chini kimebandikwa upande, kwa hiyo anasimama kama mtu mwenye kiatu kimoja. Ubao nikauweka juu ya meza ya kioo, kona moja ikabaki hewani. Nikachukua sarafu ya 200, ikapita chini yake bila kugusa.

Nikampigia muuzaji kesho yake asubuhi. Akacheka, tena kwa upole kabisa. "Kaka, hiyo ni mbao, siyo plastiki. Kazi ya mkono haifanani. Ndo uzuri wake huo."

Na mimi nikakubali. Sio kwamba nilimwamini. Nilikubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi. Nikikataa, inabidi nifute video. Nikifuta video, watu watauliza. Basi nikajiambia kazi ya mkono haifanani, nikafunga boksi, nikalisukuma chini ya kitanda. Kijiweni sikulipeleka.

Wiki tatu baadaye ikaingia meseji. Dada mmoja, mfuatiliaji wa siku nyingi, huwa anakomenti sana ila humjui na simtaji. Alinunua ile seti kwa sababu yangu. Mdogo wake amemaliza darasa la saba, anapenda chesi kuliko chakula, na yeye alimuahidi akifaulu atamnunulia "ile ya kwenye video ya kaka". Alijibana miezi minne. Akanitumia picha. Mfalme mwenye rangi nyeusi amepasuka kuanzia shingoni mpaka kwenye kitako, ufa unaingia kucha. Chini ya picha kaandika hivi: "Kaka samahani kukusumbua. Hii ni kawaida kwa chesi za mbao? Mdogo wangu ananiuliza mimi nashindwa kumjibu. Wewe ndo unazijua."

Wewe ndo unazijua. Dah.

Hakunitukana. Angenitukana ningejua cha kujibu, matusi tumeyazoea. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomuuliza daktari. Na mimi sikuwa na jibu, maana nilichokuwa nakijua kuhusu chesi za mbao ni ile taa ya njano tu.

Nikachukua boksi langu, nikapanda daladala mpaka Mwenge, kwenye vinyago. Kuna fundi pale, mtu mzima, anachonga mpingo tangu mimi sijazaliwa. Nikamsalimia, nikamwaga kete zote kwenye benchi lake, nikamuonyesha na picha ya yule dada. Nikamwambia, "Fundi, muuzaji anasema haya yote ni kazi ya mkono. Ni kweli?"

Hakujibu haraka. Alizichukua moja moja, anazigeuza, anazipitisha kidole gumba. Yule farasi mwenye sura ya mbuzi alimtazama akatabasamu. "Huyu ni mkono," akasema. "Aliyemchonga ana namna yake. Farasi wanne hawawezi kuwa mapacha, hata mimi simba wangu hawafanani." Akamuweka kulia.

Akachukua yule wa sikio la gundi. "Huyu alivunjika, wakaficha. Huo sio mkono." Akamuweka kushoto.

Akaendelea hivyo mpaka kete zote zikaisha. Kulia zikaenda hata zile nilizodhani ni mbovu: askari mwenye mstari wa rangi tofauti kwenye mbao, askofu ambaye ule mkato wa kichwani kwake uko juu kidogo kuliko wa mwenzake, ngome yenye alama ndogo ya patasi. Kushoto zikaenda tisa. Tisa kati ya 34, maana seti za siku hizi huwa zinakuja na malkia wawili wa ziada.

Kuhusu ule ufa wa mfalme wa dada, alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mti ukikatwa unakuwa na maji ndani. Fundi mwenye subira anaacha mbao zikauke sawasawa, ndipo anachonga au anakereza. Mwenye haraka anakereza mbao bado ina unyevu, anatoboa kitako, anaweka chuma, anafunika na kitambaa, anapiga vanishi, kitu kinang'aa. Kikifika nyumbani kwako mbao inaendelea kukauka, inasinyaa. Lakini chuma cha ndani hakisinyai. Mbao inabana, inabana, ikishindwa inapasuka. Na mfalme ndiye mwenye kitako kikubwa na chuma kizito, kwa hiyo yuko kwenye hatari kuliko askari.

"Huo ufa," akasema, "haujaletwa na mkono. Umeletwa na haraka."

Sentensi hiyo nilirudi nayo kwenye daladala nikiwa nimenyamaza kabisa, maana haikuwa ya mbao peke yake.

Nikaanza kusoma usiku, kama kawaida yetu tuliojifundisha wenyewe. Nikagundua kwamba sehemu kubwa ya chesi nzuri za mbao zinazouzwa duniani zinatoka Amritsar, mji wa Punjab kule India. Mfalme, malkia, askofu, ngome na askari zinakerezwa kwenye mashine inayozunguka. Farasi ndiye anayechongwa kwa patasi, na ndiye anayekula muda, ndiyo maana ukitaka kujua seti ni ya kiwango gani unaanza na uso wa farasi. Nyeupe kwa kawaida ni mti wa boksiwudi. Za kahawia ni shishamu, ambao ni ndugu na mpingo wetu, wataalamu wa miti wanaiweka yote kwenye ukoo wa Dalbergia. Nyeusi za bei nafuu mara nyingi ni boksiwudi hiyo hiyo imepakwa rangi. Hakuna ubaya, mradi muuzaji akwambie hivyo na asikuuzie kwa jina la mti ghali.

Kitu kingine kikanichoma. Lile umbo la kete tunalolijua wote, ndilo linalotumika kwenye mashindano, linaitwa Staunton. Nilidhani Staunton ndiye fundi. Kumbe hapana. Umbo lilisajiliwa Uingereza mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, likauzwa na Jaques wa London. Howard Staunton alikuwa mchezaji mkubwa wa enzi hizo, ana safu yake ya chesi gazetini, na akazisifia zile kete kwenye safu hiyo hiyo. Kwa lugha ya mjini: jamaa alifanya promo. Jina la msifiaji ndilo lililobaki mpaka leo. Lakini limebaki kwa sababu kitu alichokisifia kilisimama, kwa zaidi ya miaka 170. Kingekuwa kinapasuka wiki ya tatu, sidhani kama leo tungekuwa tunamtaja.

Basi wadau, nawapa nilichokipata kwa fundi na kwa kusoma, ili wewe usipigwe.

Ukinunua chesi mpya ya mbao, haya yavumilie, ni mbao na ni mkono: farasi kutofanana kama mapacha, mistari na rangi ya mbao kupishana kidogo kati ya kete na kete, alama ndogo ya patasi sehemu isiyoonekana, na mkato wa askofu kupishana kidogo. Ukitaka vitu vifanane asilimia mia, chukua plastiki, na plastiki haina aibu yoyote.

Haya usiyavumilie, hata muuzaji awe mcheshi vipi: ufa wowote, hata wa nywele, maana ufa hauponi, unakua. Sehemu iliyojazwa unga wa mbao na gundi, utaiona kama kovu lisilo na mistari ya mbao. Kete iliyovunjika ikagundishwa. Chuma kinachocheza ndani. Kete inayoyumba ukiisimamisha kwenye kioo. Ubao uliobinuka kona. Msalaba wa mfalme uliolala upande kama mlevi.

Vipimo ni rahisi. Mfalme wa saizi ya mashindano ana urefu wa kama sentimeta 9.5, na chumba kimoja cha ubao ni sentimeta 5 mpaka 6. Huna rula? Chukua askari wanne uwasimamishe kwenye chumba kimoja. Wakienea vizuri, ubao na kete vinaendana. Wakisukumana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, hivyo vitu havikuzaliwa pamoja.

Na kabla hujabonyeza "nimepokea", toa kete zote. Zote, sio tatu kama mimi. Kagua kwa mwanga mweupe au nje kwenye jua, ile taa ya njano inaficha kila kitu, mimi ni shahidi. Tikisa kila moja sikioni. Piga picha siku hiyo hiyo, zenye tarehe. Na uliza kabla ya kulipa, kwa maandishi: kete moja ikiwa mbovu mnaibadilisha, na ni ndani ya siku ngapi?

La mwisho ni bei. Seti ya 40,000 ikiwa na askari anayeyumba, sawa, hakukuahidi mengi. Kile kifuniko cha dawa ya meno kijiweni hakikumdanganya mtu, kilikuwa kifuniko na kila mtu alikiona. Lakini mtu akikwambia "kazi ya fundi, daraja la kwanza", akachukua laki mbili na nusu, ameuza mbao na ameuza lile neno pia. Una haki ya kudai vyote viwili.

Mmeuliza mwisho wa dada.

Nilimpigia. Sio meseji, nilipiga. Nikamwambia, "Dada, hapana, sio kawaida. Na mimi nilizisifia sijazikagua, na nililipwa." Akakaa kimya muda ambao nilitamani simu ikatike yenyewe. Halafu akasema, "Ungesema tu kaka kwamba ni tangazo. Ningenunua, ila ningekagua." Hiyo tu.

Muuzaji nilimrudia. Akasema siku za kurudisha zimepita, na mfalme mwingine atakuja na mzigo ujao, baada ya miezi miwili. Nikamwambia naifuta video. Akanijibu kwamba mkataba wetu umeishia hapo na asione jina la duka lake kwangu. Sawa, silitaji. Wale wateja watatu waliotaja jina langu nimewarudishia 15,000 kila mmoja, yaani ile 45,000 niliyokula. Mmoja alikataa kupokea, alisema seti yake haina shida. Nikamwambia atikise askari. Baada ya dakika kumi akanitumia namba ya kupokelea.

Na kwa yule dogo, nilifanya kilichokuwa mkononi. Mfalme wangu mweusi alikuwa mzima, fundi wa Mwenge alimuweka upande wa kulia. Nikampelekea. Rangi yake imepishana kidogo na jeshi lake jipya, ana wekundu fulani. Dogo alimgeuza, akamchungulia chini kwenye kitambaa, akamtikisa sikioni, nikajua dada yake kamfundisha. Akasema, "Huyu mzima." Tukacheza mchezo mmoja palepale sebuleni. Alinifunga kwa hatua kama 30 hivi, bila huruma.

Yule mfalme aliyepasuka nimebaki naye mimi. Fundi aliniambia naweza kumfunga kwa uzi na gundi, nimekataa. Jumapili nilibeba lile boksi, kete tisa mbovu na zote, nikalipeleka kijiweni. Mzee akapanga taratibu, akafika kwa mfalme, akapitisha kucha kwenye ufa.

"Umenunua hivi hivi?"

"Nimenunua hivi hivi, mzee. Sikukagua."

Akamsimamisha kwenye chumba chake. "Haya, anza."

Kuanzia leo, nikilipwa kusifia kitu nitaandika juu kabisa kwamba nimelipwa, na kama sijakikagua chote sitasema "safi". Mkiniona nimeteleza, nikumbusheni mfalme.

Haya, zamu yenu. Wewe ulishawahi kuletewa kitu ukaambiwa "ndo kazi ya mkono hiyo" na roho ikakataa? Kochi, kitanda, nguo ya fundi, chochote. Tiririka hapo chini. Majina ya maduka kaa nayo, tupe stori tu.